Gitaa la fundi vyerehani

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni bendi gani ya nje ambayo majirani hawaielewi lakini msomaji haiachi. Yangu ni AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Mimi natengeneza vyerehani hapa Kaloleni, Arusha, na kazi yangu inahusika, kama mtakavyoona.

Kaseti aliniletea shemeji yangu, dereva wa watalii. Mgeni aliisahau kwenye gari. Jalada jeusi tii. Nikaitia kwenye redio ya karakana, ikaanza kengele: ngoo, kimya, ngoo, kimya. Mama muuza mboga wa jirani akachungulia mlangoni. "Fundi, nani tena katutoka?" Maana sisi Walutheri wa huku tunaijua kengele ya taratibu namna ile. Nikamwambia ni wimbo tu. Akaniangalia, akaenda zake.

Miaka ilipita ndipo nikajua mama hakukosea. Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki London Februari 19, 1980, akiwa na miaka 33, wakati albamu ya "Highway to Hell" imeanza kuwafungulia milango Marekani. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, mtu aliyekuwa akibandika mapaa ya vinyl ya magari kaskazini mwa Uingereza, na Julai mwaka huohuo ikatoka albamu ya "Back in Black", ndiyo ile kaseti yangu. Lile jalada jeusi lilikuwa nguo ya msiba. Kengele yenyewe ilisubiwa Loughborough, Uingereza, uzito wake karibu tani moja. Inakadiriwa zimeshauzwa nakala milioni 50 za albamu hiyo.

Sasa jina. Ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, walizaliwa Glasgow, familia ikahamia Sydney 1963, na bendi wakaianzisha 1973. Herufi AC/DC inasemekana dada yao Margaret aliziona kwenye cherehani. Nazijua herufi hizo! Mota ndogo za Singer za zamani zina kibati ubavuni, nakifuta vumbi la kaboni kwa kidole gumba mpaka maandishi yatoke: volti, ampea, kisha AC-DC, yaani inazunguka kwa umeme wa aina zote mbili, mkondo geu na mkondo mnyoofu.

Dada huyohuyo ndiye aliyempa Angus wazo la kupanda jukwaani na sare ya shule, kaptula na kofia. Watu wote humtazama yeye, anavyorukaruka na gitaa la solo. Mimi namsikiliza Malcolm. Kabla ya muziki alikuwa fundi wa vyerehani kwenye kiwanda cha sidiria (chekeni tu), na ufundi huo nausikia kwenye gitaa lake la rithimu. Nyuzi nene. Pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) aliyoona haina kazi aling'oa, akabaki na moja. Anapiga, anakata. Pale anaponyamaza, mpiga dramu wao, Phil Rudd, anagonga pigo moja, basi, hakuna mapambo. Wazee wa dansi watanielewa: mpiga solo ndiye hutuzwa noti, lakini rithimu ikiyumba watu wanarudi kukaa.

Vijana wangu wa karakana ni watu wa hip hop, kama ilivyo ada ya mji huu, na wanadai nyimbo za hawa wazee zote ni moja. Kweli zinafanana. Lakini mteja gani anataka cherehani inayobadilisha mshono bila kuambiwa?

Kinachoniuma ni mwisho wa Malcolm. Kwenye ziara yake ya mwisho, iliyoishia 2010, kumbukumbu zilishaanza kumtoka, ikabidi ajifunze upya mapigo aliyoyatunga mwenyewe. Mwaka 2014 nafasi yake akaishika Stevie, mtoto wa kaka yao. Novemba 18, 2017 akafariki, na miaka 64.

Habari ilinikuta nina mashine mezani. Kaseti ilishaliwa zamani, nikaufungulia wimbo wa kengele kwenye simu. Yule mama bado anauza mboga palepale. Akachungulia, akauliza vilevile.

"Fundi mwenzangu," nikamjibu.

"Pole," akasema, akavuta kigoda akaketi mpaka wimbo ukaisha.