Nilikwenda Kumwona Mona Lisa, Nikarudi na Habari za Harusi

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji wangu aliniandikia. Amedunduliza kwa miaka mitatu, ana likizo ya siku 12, na sasa safari imekaribia ameingiwa na hofu. Aliuliza: "Nitajie sehemu ambazo nikifika sitasema, kumbe ni hivi tu?" Nilimjibu kwa mistari miwili, nikamtajia miji minne mitano, nikaenda kulala. Usingizi haukuja. Jibu lile lilikuwa la mtu anayetaka mazungumzo yaishe, na hofu yake naijua vizuri, niliwahi kuibeba mimi mwenyewe.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilipangwa na rafiki yangu wa karibu. Ratiba aliiandika yeye, saa kwa saa. Kazi yangu ilikuwa kumfuata. Siku tisa kabla ya kuondoka akajitoa. Sababu zake sizirudii hapa, lakini neno lake la mwisho lilinikaa kifuani: bila yeye nitazunguka tu kama kipofu na kurudi na picha za uwanja wa ndege. Hajaniomba radhi hadi leo. Nilikwenda peke yangu, na ratiba yake mfukoni, nikiwa na hasira kuliko furaha.

Siku ya kwanza Paris, ratiba ilisema jumba la makumbusho la Louvre, picha ya Mona Lisa. Sura ile nilikuwa nimeiona tangu utotoni, vitabuni, kwenye kalenda, kwenye simu. Nilipanga foleni, nikasukumwa, nikasukuma. Picha yenyewe ni ya sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na mbele yake msitu wa mikono iliyoinua simu. Nilipofika mbele nilipata labda nusu dakika kabla ya kuashiriwa nisogee. Sikuhisi chochote. Kilichonijia kichwani ni sauti ya rafiki yangu. Macho yakaanza kulowa, nikageuka nitoke kabla watu hawajaniona.

Ukuta mzima wa mkabala ulikuwa umejaa harusi. Ni Harusi ya Kana, picha aliyoichora Paolo Veronese mwaka 1562 na 1563 kwa ajili ya ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore kule Venice. Upana wake unakaribia mita 10, kimo chake kinapita mita 6 na nusu. Askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1797, wakaikata vipande ili isafirike. Mle chumbani watu karibu wote walikuwa wameipa mgongo. Nilirudi nyuma kadiri nilivyoweza nikaanza kuisoma kutoka kushoto: watumishi wanamimina, wanamuziki wako katikati, watu wamejaa roshanini juu kana kwamba wamechelewa na wanataka kuona. Yesu amekaa katikati ya meza ametulia, na wageni wengi hata hawamtazami. Baada ya nusu saa hivi ndipo nikamwona paka. Nilicheka peke yangu kwa sauti, pale nilipotaka kulia.

Siku hiyo ratiba ilivurugika yote. Siku mbili zilizofuata sina la kusimulia.

Kutoka Paris nilikwenda Istanbul, Uturuki, na huko ndiko nilikoelewa kilichonitokea. Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, sitaisema vibaya: jengo lililosimama tangu mwaka 537, lenye kuba la upana wa mita 31 hivi, linastahili kila sifa linayopewa. Lakini nilikuwa nimekwisha kulitazama mara elfu kwenye video kabla ya kupanda ndege, na nilipoingia nilijikuta nalinganisha tu, hili nimeliona, na lile nimeliona. Nilitoka nikiwa na heshima, bila mshangao. Nje mvua ikanyesha. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mlango mdogo ambao haukuwa kwenye ratiba, watu wakiingia, nami nikaingia kujikinga. Ngazi zikanipeleka chini.

Nilikuwa nimeingia kwenye birika la maji, yaani hodhi kubwa la chini ya ardhi la kuhifadhia maji ya mji. Waturuki huliita Yerebatan. Mfalme Justinian wa Dola ya Rumi ya Mashariki alilijenga baada ya fujo za mwaka 532, fujo zilezile zilizoteketeza kanisa lililotangulia Hagia Sophia ya leo. Chini ya mtaa wenye pilikapilika kuna nguzo 336, safu 12 za nguzo 28 kila moja, na kila nguzo ina kimo cha mita 9. Taa ni hafifu. Maji machache yametandaa chini na nguzo zinajitazama ndani yake, hata hujui zinaishia wapi. Matone yanadondoka moja moja. Mwisho kabisa, nguzo mbili zimekalishwa juu ya vichwa vya Medusa, yule mwanamke wa hekaya za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele. Kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi.

Jioni ile nilisoma kwamba mji wenyewe ulikuwa umelisahau birika hili. Katika miaka ya 1540 msomi Mfaransa, Petrus Gyllius, aliwakuta wenyeji wakishusha ndoo kupitia matundu ya sakafu za nyumba zao, wakipandisha maji na hata samaki. Akafuatilia, akashuka, akapita kati ya nguzo kwa mashua akimulikiwa na mienge. Tangu nisome hilo, kila nikitembea mji mgeni natazama chini.

Kwa hiyo ushauri wangu si orodha ya miji. Ukishakata tiketi, acha kutazama picha na video. Soma historia upendavyo, maana historia haili mshangao, picha ndizo zinaula. Na acha nafasi tupu kwenye siku yako. Miaka miwili baadaye nililijaribu hilo kwa makusudi kule Petra, Jordan, mji wa kale uliochongwa kwenye miamba. Sikutazama picha hata moja kwa miezi. Njia ya kuingilia ni mpasuko mwembamba wa mwamba, na lile jengo maarufu mwishoni mwake lilikuwa zuri, lakini kilichonishika ni mifereji ya maji waliyoichonga Wanabatea, watu wa kale wa mji huo, kwenye kuta za njia yenyewe, na baadaye Ad-Deir, jengo jingine kubwa lililochongwa mwambani, juu ya ngazi kama 800 ambazo wengi huziangalia na kurudi. Nilizipanda zote.

Jamani, acheni kusafiri kwa macho ya watu wengine! Unadunduliza miaka, unafika, halafu unatafuta pembe ileile aliyosimama mtu mwingine ili upate picha ileile. Na ukiona umevunjika moyo, usikimbilie kuondoka, geuka kwanza utazame ulichokipa mgongo. Acha nafasi kwenye siku yako, narudia, hata kama anayekupangia ratiba ni mtu unayempenda na kumwamini. Hasa huyo.

Dada yangu, siku 12 zinatosha miji miwili, si mitano niliyokutajia usiku ule. Ule ujumbe ufute. Ukichagua Istanbul, shuka kwenye birika asubuhi mapema kabla makundi hayajafika. Ukichagua Paris, mwone Mona Lisa, usimdharau, halafu mpe mgongo na utafute mahali pa kusimama. Paka yuko upande gani sikwambii.