Maswali na majibu: roketi, joka na tuzo

Riwaya yangu ina roketi na mganga. Ni ya kisayansi au fantasia? (Tukuyu)

Naulizwa hivi kila mara, na muulizaji haniambii kamwe hadithi yenyewe inahusu nini! Roketi si kipimo, wala mganga si kipimo. Angalia kitabu kinavyoyaeleza maajabu yake. Na vingine havikubali kugawanywa. The Old Drift ya Namwali Serpell, Mzambia, jirani zetu hapo ng'ambo ya Tunduma, ina mwanamke aliyeota nywele mwili mzima, ina droni ndogo kama mbu, ina Edward Nkoloso aliyetaka kurusha Wazambia angani miaka ya 1960. Mwaka 2020 ikapata Tuzo ya Arthur C. Clarke, ambayo ni ya riwaya za kisayansi. Andika kwanza, ndugu yangu. Jina la rafu litakuja.

Kwanini Harry Potter alipewa Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi? (Iringa)

Mwaka 2001, ndiyo. Masharti ya Hugo yanaruhusu fantasia. Someni masharti.

Tuzo za Hugo na Nebula zina tofauti gani? (Mafinga)

Wapiga kura. Nebula hupigiwa kura na waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia, kupitia chama chao. Hugo, iliyoanza 1953, hupigiwa kura na wanachama wa Worldcon, kongamano la wapenzi wa hadithi hizi, msomaji wa kawaida akiwemo. Sisi Waafrika tuna tuzo yetu, Nommo, tangu 2017. Na mtu akidai umlipe ili "akuunganishe" na tuzo yoyote, huyo ni tapeli.

Lazima niandike Kiingereza? (Njombe)

Hapana! Liu Cixin aliandika The Three-Body Problem kwa Kichina, Ken Liu akaitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 2015 riwaya hiyo ikachukua Hugo. Tunachokosa ni watafsiri, na hili linaniuma. Shaaban Robert alituchorea nchi inayoelea angani katika Kusadikika. Katama Mkangi akampeleka mtu sayari nyingine katika Walenisi, 1995. Shuleni tunavisoma vitabu hivi kwa ajili ya siasa yake tu, kisha kijana anakuja kuniambia Kiswahili hakina hadithi za namna hii.

Simulizi za bibi kuhusu Ziwa Ngosi ni fantasia? (Mbeya)

Kwako labda. Bibi hakuwa anabuni, alikuwa anakueleza ziwa lilivyo. Usizibandike jina hilo mbele yake. Mrekodi mapema, kwa Kisafwa kama ndivyo anavyosimulia, na umwombe ruhusa kabla hujamwingiza joka wa simulizi zake katika riwaya yako na kumpa mbawa.