Kabla Hujatia Sahihi Mkopo wa Chuo

Wengi mnaoanza chuo mkifika kwenye dawati la mikopo huuliza swali moja tu: nitapata kiasi gani? Kwa miaka niliyoshauri wanafunzi, swali ninalotamani litangulie ni hili: riba inaanza kuhesabiwa lini?

Chukua mkopo wa 10,000, kwa fedha yoyote ile, wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ikiwa umepewa wote mwanzoni na riba inaanza siku hiyo hiyo, miaka 4 ya masomo inazaa 2,400 kabla hujapata kazi. Mikataba mingi huichukua hiyo 2,400 na kuiunganisha na deni la msingi unapoanza kulipa. Sasa unadaiwa 12,400, na riba inapigwa juu ya yote. Ukilipa kwa miaka 10, rejesho ni kama 138 kwa mwezi. Ukiomba miaka 20 linashuka hadi 89 hivi na mwezi unakuwa mwepesi, lakini jumla utakayolipa inapanda kutoka takriban 16,500 hadi zaidi ya 21,300. Kwa hiyo ukiweza kulipa hata riba peke yake ungali masomoni, lipa. Hakuna fedha ndogo itakayokufaa kuliko hiyo.

Masharti hayafanani. Marekani, serikali hutoa mikopo ambayo riba yake hailipwi na mwanafunzi akiwa chuoni, na mingine ambayo riba inatembea tangu mwanzo. Mtu anaweza kuwa na yote miwili bila kujua ipi ni ipi. Australia tangu 1989, na Uingereza pia, marejesho hufuata kipato: usipofikisha kiwango fulani cha mshahara hukatwi. Mimi naona huo ndio utaratibu wenye utu zaidi. Mkopo wa benki binafsi hauna huruma hiyo, na mara nyingi humvuta mdhamini, yaani mzazi au mjomba wako, ndani ya deni lako. Mwonyesheni mkataba wote, si ukurasa wa sahihi tu.

Halafu, piga hesabu ya kozi nzima. Ada haitulii mahali pamoja. Uingereza ilianza kutoza hadi pauni 1,000 kwa mwaka mnamo 1998, ikafika 3,000 mwaka 2006, na 9,000 mwaka 2012. Serikali ikipunguza ruzuku, pengo hujazwa na mwanafunzi. Mkopo uliotosha mwaka wa kwanza unaweza kukuacha mwaka wa tatu, na hapo ndipo watu huacha masomo.

Hilo la kuacha ndilo linaloniumiza zaidi. Wanaolemewa kuliko wote mara nyingi si wenye deni kubwa. Ni waliokopa kidogo wakaondoka bila cheti, kwa sababu deni linabaki na mshahara wa kulilipa haupo. Mambo yakikubana, usitoweke kimyakimya. Nenda ofisi ya mikopo kabla hujakosa muhula, uliza kuhusu kuahirisha masomo, na uliza ukiahirisha saa ya marejesho inaanza lini. Kwa mikopo mingi ya serikali ya Marekani ni miezi 6 tu baada ya kuondoka. Jibu lolote utakalopewa, omba kwa maandishi.