Udi Wangu Uliuawa na Fenesi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, kule Pemba, kaniletea ujumbe. Kapata udi wake wa kwanza, ile ala ya nyuzi ya taarab, anataka kuja nao Unguja kujifunza, na swali lake lilikuwa jepesi: "Maalim, nikiuzungushia blanketi vizuri, si naweza kumpa mchukuzi auweke na mizigo mingine?"

Nilisoma mara moja, nikaiweka simu chini. Mke wangu akaniuliza nani kafa.

Basi namjibu hapa, na nawajibu nyote, maana najua mnaonisoma mna hamu ileile: mpande jukwaani, mpige, mtajwe jina. Jibu ni hapana. Usimpe. Mwenye haraka na aishie hapa, kashapata lililo muhimu. Mwenye nafasi akae nimhadithie, kwa sababu miezi mitatu sasa nimelinyamazia jambo hili, na watu wanalihadithia badala yangu, tena wanalihadithia kwa kicheko.

Udi ulikuwa wa ami yangu. Alikuwa baharia, akaununua Cairo, akaja nao Unguja akiupakata kama mtoto. Mgongo wake ulikuwa wa mbavu ishirini na moja, moja nyeusi, moja ya rangi ya asali, zimeungana mpaka ukipitisha kidole huhisi kiungo. Uso ni mbao laini, unene wake hauzidi milimita mbili. Nyuzi 11, yaani jozi tano na mmoja mnene unaokaa peke yake juu. Ukichungulia kwenye tundu la katikati, chini kabisa ulikuwa unaona karatasi ya fundi, lakini nusu tu. Nakshi ya tundu ilikata maneno, na mwaka ulionekana "19" basi. Mimi na ami tulibishana miaka kuhusu tarakimu mbili zilizobaki. Yeye akisema ni wa mwaka 1949. Mimi nikimwambia mbao zile si za zamani kiasi hicho.

Hakunipa kirahisi. Miezi miwili ya kwanza alinikalisha barazani na udi mapajani, mkono wa kulia juu yake, bila risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi. "Zoea uzito wake kwanza," akisema. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaona ananitesa. Leo nina wanafunzi wanaotaka kupiga taksim, ule upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo, siku ya pili, wameiona kwenye simu.

Miaka ya katikati naipita. Ni mazoezi, vidole kuota sugu, na kupiga nyuma ya waimbaji wasiokujua jina. Kila mwenye ala anayajua hayo. Itoshe kusema nilifika mahali nikawa naitwa. Nimepiga Ngome Kongwe usiku wa mwezi wa Februari watu wamejaa mpaka ukutani. Nimekaa safu moja na wazee ambao nilipokuwa mdogo nilikuwa nawachungulia dirishani. Sijisifu. Nawaeleza tu nilikuwa nani siku ile kwenye bandari ya Mkoani, Pemba, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo.

Ilikuwa Januari. Nilialikwa harusi Chake Chake, na Wapemba walinitunza usiku ule mpaka nikaona haya. Asubuhi wenyeji wangu wakanisindikiza bandarini Mkoani, gari mbili. Udi ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Sanduku gumu ninalo, lakini nililiacha nyumbani juu ya kabati. Ni zito, halipiti vizuri mlangoni mwa daladala, na nikilibeba naonekana kama mtu anayehama.

Tulipofika kwenye gati vijana wawili wakanitambua. Wakataka picha. Wenyeji wangu wamesimama pembeni wanaona, na mimi nimevaa kanzu mpya, udi begani. Hapo akaja mchukuzi, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Maalim, lete nikupokee, mtu kama wewe hubebi mwenyewe."

Mtu kama wewe. Maneno matatu.

Miaka yote hiyo sijapata kumpa mtu udi ule. Nimewahi kugombana na kondakta wa gari la shamba. Nimewahi kulipa viti viwili. Lakini pale mbele ya macho ya watu niliona kweli, msanii mkubwa anabebaje mzigo wake? Nikautoa begani, nikampa, nikamwambia kwa sauti ya juu ili wasikie, "Uweke pazuri." Nikaenda kupiga picha.

Nilipopanda botini niliuona mfuko wangu juu ya rundo la mizigo, mbele. Uko juu, nikajiambia, hauna tabu. Nikaingia ndani, nikakaa karibu na kiyoyozi, nikalala.

Wanaosafiri njia ile wanaijua. Ukishaiacha Pemba, na Nungwi bado haijaonekana, mnakuwa kwenye maji makubwa, na kaskazi ya Januari haibembelezi. Boti ilipanda na kushuka. Watu walitapika. Mimi, kwa uchovu wa harusi, sikuamka ila mara moja, nikasikia kitu kizito kikibingirika nje, nikageuka upande wa pili.

Malindi, bandarini Unguja, nikashuka nikangojea mizigo. Mfuko nikaletewa. Zipu imefungwa, kitambaa hakijachanika hata uzi. Nikaushika mpini, nikaunyanyua, na mfuko ukajikunja.

Sijui kama mnanielewa. Udi haujikunji.

Humo ndani nyuzi zikatoa sauti moja ya chini, zote pamoja, kama mtu aliyeguswa kidonda usingizini. Nikaketi palepale sakafuni, baiskeli zinapita, wenye mikokoteni wananipigia kelele niondoke njiani, nikafungua. Uso ulikuwa umezama ndani. Kipande kimoja ukubwa wa kiganja kilining'inia kwenye nyuzi. Shingo imeng'oka pale inapokutana na tumbo, na mbavu za upande wa kushoto zimefunguka kama ganda la ndizi.

Na ile karatasi, kwa mara ya kwanza, niliisoma yote, kwa sababu hakukuwa na uso wa kuizuia. Jina la fundi, Barabara ya Muhammad Ali, Cairo, 1958. Ami yangu keshatangulia mbele ya haki. Tulikosea sote wawili, maana mimi nilikuwa nikisema ni wa miaka ya sitini.

Kilichouvunja ni gunia la mafenesi. Lilikuwa juu zaidi, mtu alilirusha mwishomwisho boti ikiondoka, na ilipoyumba likateleza. Mafenesi matatu. Anayelijua fenesi la Pemba hahitaji kuelezwa uzito wake.

Mwenye gunia alikuwa bibi mmoja, anakuja kwa mwanawe. Aliniona nimekaa chini, akaja akachutama mbele yangu na buibui lake, akatazama ule mfuko, akatazama gunia lake. "Mwanangu," akasema, "fenesi langu ndilo lililokufanya hivi?" Sikuweza kumjibu. Akafungua gunia akatoa fenesi moja, kubwa kuliko mengine, akaliweka mapajani mwangu. "Sina kingine, mwanangu. Chukua." Ningefanyaje? Nilimwambia ahsante bibi. Nikatoka bandarini na udi uliovunjika mkono mmoja na fenesi mkono mwingine, na wote walionijua Malindi waliniona.

Ndiyo maana sasa kwenye kahawa pale Jaws Corner wako wanaoniita Maalim Fenesi. Wengine ni watu ninaowaheshimu. Nimecheka nao, lakini wallahi sijawasamehe wote.

Nilikwenda kwa fundi wa Mji Mkongwe. Akauweka mezani vipande vipande, akakaa kimya muda mrefu, halafu akanieleza mambo ambayo ningemlipa aniambie mwaka mmoja kabla. Akasema uso unaweza kuwekwa mwingine, lakini mbavu zile kuzirudisha ni sawa na kutengeneza udi mpya kwa mbao za zamani. "Nitakupa udi," akasema, "lakini si huu." Akasema pia lau ningelilegeza nyuzi kabla ya safari, uso ungepasuka, lakini pengine shingo isingeng'oka, kwa sababu nyuzi zilizokazwa zinaivuta shingo saa zote, na mwili ukishapoteza nguvu hazina huruma. Na akanieleza habari ya gundi: udi wa zamani umegandishwa kwa gundi inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, na gundi hiyo ikipata joto kali hulainika. Ukiuacha kwenye gari lililoegeshwa juani pale Darajani, hata fenesi huhitaji.

Kuhusu kudai fidia, nilisoma maandishi madogo nyuma ya tiketi, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Basi wewe kijana wa Wete, ushauri wangu ndio huu. Legeza nyuzi, si mpaka zilale, punguza tu mkazo wake. Tumia sanduku gumu, na chini ya shingo jaza kanga au taulo ili isicheze. Usiuache juani. Piga picha udi wako ndani na nje kabla ya kuondoka. Na usimpe mtu. Akiwa na adabu, usimpe. Akikuita maalim, basi hapo ndipo usimpe kabisa. Kama kuna kiti tupu, muombe mkubwa wa boti. Kama hakuna, pakata, magoti yakiuma yaume.

Hayo ndiyo yote niliyonayo. Mengine mnayajua, tatizo letu si kutojua. Simu umeivisha kava na kioo cha ziada, udi wako umeuvisha foronya ya mto. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wapiga ala wake walivuka bahari mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri, wakaenda na wakarudi. Mimi nimeshindwa kutoka Mkoani mpaka Malindi! Kwa sababu wale walijua kwamba ala si mzigo. Mzigo ukipotea unanunua mwingine. Sisi wa leo tunataka heshima ya sanaa bila uzito wake begani, tunataka mtu atubebee, na tukishapata makofi mawili matatu tunajiona mikono yetu imeumbwa kwa kupunga tu. Nasema sisi, ningeweza kusema mimi.

Usiku mmoja sikupata usingizi, nikawa nasoma kwenye simu habari za watu waliopatwa kama mimi. Nikamkuta Angela Hewitt, mpiga piano wa Kanada. Mwanzoni mwa mwaka 2020, huko Berlin, alikuwa kamaliza kurekodi Beethoven, wachukuzi wakaja kuitoa piano yake aina ya Fazioli, wakaidondosha. Fremu yake ya chuma ilivunjika, na mafundi wakaona haifai kutengenezwa. Alikuwa ameipenda kama rafiki, akirekodi nayo miaka mingi. Dunia nzima ikamlilia. Nilimhurumia kwa dhati, lakini nikaona na wivu kidogo, Mungu anisamehe. Piano yake angalau iliangushwa na watu wazima kwenye studio. Habari ya udi wangu nikiieleza, neno la kwanza tu, mtu anaziba mdomo.

Fenesi tulilikata siku ya tatu, lilikuwa limeshaanza kunukia nyumba nzima. Wanangu walilila na majirani wakapelekewa. Mke wangu akanitengea sahani, nikamwambia nimefunga. Haikuwa Jumatatu wala Alkhamisi, lakini hakuniuliza.

Sasa napiga udi wa kuazima, mpya, una sauti kali kidogo kwenye nyuzi nyembamba. Nauzoea uzito wake.

Yule bibi alichukua namba yangu siku ile bandarini, na hunipigia Ijumaa baada ya sala. Hunisalimu, huuliza watoto, halafu huuliza, "Na chombo chako, mwanangu, kishapona?" Namwambia bado kiko kwa fundi, bibi, tuombe dua. Si kweli. Kiko nyumbani juu ya kabati, ndani ya sanduku gumu.