Mkoba wa mzee ulioibwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba baba yako, mwanajeshi mstaafu hapo Malindi, ameibiwa mkoba wenye nakala za kitambulisho na karatasi za pensheni, nawe wauliza kama kuna hatari. Ipo, tena kubwa kuliko ya pesa zilizokuwemo, kwani mwenye namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa aweza kujaribu kukopa kwa jina la mzee. Aripoti polisi leo, apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha aiarifu benki. Wizi wa namna hii si mgeni: Marekani, mwaka 2006, kompyuta na diski zenye taarifa za wanajeshi wa zamani wapatao milioni 26.5 ziliibwa nyumbani kwa mtumishi wa idara ya serikali inayowahudumia, zikapatikana mwezi uliofuata. Mzee akipigiwa simu kuulizwa namba ya siri, akate, hata akiitwa kwa cheo chake cha jeshini.