Siagi yangu ilipogeuka sabuni

Mama mmoja wa Nyawera, mteja wangu wa siku nyingi hapa Bukavu, alinirudishia kopo la siagi mwezi wa saba. "Mama, hii ni siagi ao ni sabuni? Inanipasulia mkate!" Nilikasirika. Kisha nikajaribu kisu mwenyewe, nikanyamaza.

Kiangazi hicho majani ya Kabare yalikuwa yamekauka, na ng'ombe wangu 3 niliwashibisha mashudu ya kokwa za ngazi (tunda la mchikichi, linalotoa mawese), pumba ya mahindi na matete makavu. Maziwa hayakupungua, ndiyo maana sikushtuka. Kumbe mafuta yake yalikuwa yamebadilika.

Majani mabichi yana mafuta kidogo sana, lakini kwa kawaida nusu yake au zaidi ni asidi ya alfa-linoleniki, ya ukoo wa omega-3, iliyo laini. Ikifika kwenye tumbo kubwa la ng'ombe, vijidudu huipachika haidrojeni mpaka sehemu kubwa inakuwa mafuta magumu. Kwa hiyo hata ng'ombe wa malisho mazuri anatoa maziwa ambayo mafuta yake mengi ni magumu. Anayekuuzia maziwa ya majani kama dawa ya moyo, mcheke tu. Ila kile kidogo kinachoponyoka kinatosha kulainisha siagi. Majani yakikauka juani, hata hicho kinapungua. Nayo mashudu ya ngazi huleta asidi ya lauriki na miristiki, ambazo ni ngumu tangu mwanzo.

Mvua iliporudi nikakosea tena, safari hii kwa tamaa. Niliongeza unga wa mahindi, na majani nikayakatakata kama sombe. Maziwa yaliongezeka, krimu ikawa nyepesi ya kutia aibu. Majani yaliyokatwa laini hayamlazimishi ng'ombe kucheua, na asiyecheua hatoi mate ya kutosha, na mate ndiyo yanayotuliza uchachu tumboni. Uchachu ukizidi, vijidudu hutengeneza aina ya mafuta ambayo, hata ikiwa kidogo, huzuia kiwele kutengeneza mafuta yake. Tena nyuzinyuzi ndizo zinazotoa asidi ya asetiki, ambayo kiwele huitumia kujenga zile asidi fupi zenye harufu ya siagi.

Sasa asubuhi natanguliza tripsakumu ndefu (majani ya malisho) na kaliandra (mti wa malisho), halafu ndipo dreshi, yaani masalia ya nafaka ya kiwanda cha bia. Dreshi siikatai, ila naipima: mafuta ya chakula chote yakipita asilimia 6 au 7 ya uzito mkavu, vijidudu vya nyuzinyuzi vinadhoofika. Chakula kipya nakiingiza polepole, wiki 2. Na mchana, ng'ombe wakilala, nawatazama midomo. Wawili kati ya watatu wasipocheua, unga wa jioni naupunguza.

Mama wa Nyawera amerudi kununua, lakini anakuja na kijiko chake, anachota kwanza, ndipo anafungua pochi.