Jibu: Mkono unakimbilia wimbo nikichora vitu vya njiani

Salaam aleikum ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: unakaa kando ya njia hapo Malindi, unachora ndara na makopo yaliyotupwa, taarabu iko masikioni, lakini ukimaliza umbo limepinda. Bila muziki unachora sawa, ila unachoka upesi.

Angalia kwanza maneno ya wimbo. Mimi ndiyo yaliyonipata hapa Lamu. Nikiweka wimbo ninaoujua kwa ghibu, nashtukia naimba, na ninachochora ni ndara ya kichwani, si iliyo mbele yangu. Kuna moja ya mguu wa kushoto, ukanda umeshikizwa kwa msumari kwa chini, kisigino kimelika upande mmoja mpaka kimekuwa chembamba kama karatasi. Nikaichora nzima, kama ya dukani! Msumari wenyewe sikuuona.

Siku hizi naanza na bashrafu, ala tupu bila mwimbaji, mpaka mistari ya nje ikae. Zein l'Abdin, yule mwimbaji wa taarabu, namweka wakati wa kutia vivuli. Hapo mkono ukicheza kidogo si kitu. Ila kivuli cha jua kitie alama mapema, kinahama.

Na sikio moja liache wazi. Huku punda hawana honi, na anayepiga "simile", yaani nipishe, hangoji umalize mstari. Kwenu kuna tuktuk, ndiyo mbaya zaidi.

Rangi sijawahi kutia, natumia penseli tu. Hebu tuwekee huo mchoro uliopinda tuuone.